Mama Florentine na Dosie ya Linux

Florentine Ngoy alikuwa daktilo, yaani mpiga taipu, wa komine, ofisi ya serikali ya mji, kule Pweto kwa miaka kumi na tisa. Barua zote za pale, za vifo, za viwanja, za mbuzi waliokula mihogo ya jirani, zilipita kwenye vidole vyake. Mwaka 2017 vita vilipomfukuza alivuka mpaka, akapitia kambi ya Kenani kama wenzake, kisha akapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi na kupewa shamba. Hapo akagundua kwamba mihogo haina haja ya daktilo. Akafungua kibanda cha kuandika barua sokoni Nchelenge, kando ya ziwa.

Kompyuta yake aliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Shirika moja lilikuwa limekuja kufundisha vijana, na lilipofunga mradi likabakiza kompyuta ndogo ya mkononi. Vijana waliifungua, wakaona haina Windows. Ilikuwa na Linux, mfumo ambao shirika liliuweka kwa kuwa ni wa bure. Walisema ni mashini ya uongo, wakamwachia Mama Florentine. Yeye aliiuliza jambo moja tu, kama inaandika barua. Ilikuwa inaandika.

Ndani yake mtu alikuwa ameacha mchezo wa kuvua samaki. Unakaa ndani ya mtumbwi kwenye ziwa la nchi ya baridi, na milima ina theluji nyuma. Mama Florentine hakuugusa kwa miaka miwili.

Halafu ikafika Desemba. Kila mwaka, tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga ziwa ili samaki wazaliane, na wavuvi hukaa kama watu waliofiwa. Mmoja wao, Ba Lackson wa kisiwa cha Kilwa, ndani ya ziwa hilo, alikuja kuandikiwa barua ya shule ya binti yake. Alipokuwa akingoja aliuona ule mchezo kwenye kioo.

"Ba Maman, hii ziwa haifungwe?"

"Hapana. Hii ni ya bazungu."

Lackson alikaa. Alivua kuanzia saa nne asubuhi hadi soko lilipokuwa linafungwa, akilalamika muda wote. "Mutu mukubwa anavua samaki moja-moja na fimbo? Wavu iko wapi?" Kesho yake alirudi na shemeji zake. Baada ya wiki mbili Mama Florentine aliazima benchi la kanisa, na wanaume waliokatazwa kuvua walijipanga hapo tangu asubuhi, wakavua.

Mambo yaliharibika katikati ya Januari. Mama Florentine aliunganisha kompyuta na simu yake ili atume barua ya mteja. Mchezo ukaona mtandao umefika, ukajisasisha wenyewe bila kumuuliza mtu. Lackson alipoufungua, ilitokea nembo ya kampuni, kisha kioo kikawa cheusi, kisha maneno ya Kiingereza. Lackson ndiye aliyeyasoma.

"Banasema toleo mupya haisapoti Linux. Banasema tuweke Windows."

"Basi tutaandika," Mama Florentine akasema.

Aliiandikia kampuni kwa Kifaransa cha ofisi, chenye mada juu, heshima katikati na heshima zaidi chini. Alieleza kwamba mchezo ulikuwa ukifanya kazi hadi tarehe fulani, na kwamba wachezaji hawakufanya kosa lolote. Jibu lilikuja kwa dakika moja, jambo lililomfurahisha mpaka Lackson alipomtafsiria: tatizo lake ni muhimu sana kwao, na faili lake limefungwa.

"Dosie yangu inafungwa mbele ya kufunguliwa?"

"Njo vile banaandika."

Mtu mwingine angeacha. Lakini Mama Florentine alifanya kazi ya Leta, yaani ya serikali, miaka kumi na tisa, tena upande wa ndani wa dirisha. Alijua kwamba anayeambiwa arudi kesho ndiye anayeshinda, mradi arudi na nakala. Aliandika barua ya pili, akaambatanisha ya kwanza. Ya tatu ikabeba mbili. Jibu la tatu lilimweleza kwamba wachezaji wa Linux ni wachache mno, hawafiki hata mmoja kwa mia.

Mama Florentine aliinua macho akatazama benchi. Halafu akachukua karatasi akapiga mistari, akaandika juu: Orodha ya Wachezaji wa Linux, Wilaya ya Nchelenge. Walitia sahihi watu sitini na watatu. Wengine walitoka Mununga kwa baiskeli kwa ajili hiyo tu. Mzee Mwenya, ambaye hakuwa amewahi kucheza, alitia dole gumba kwa sababu aliona wenzake wanatia. Orodha ikapigwa picha, ikatumwa.

Safari hii alijibu mtu. Aliitwa Lévi, fundi wa programu katika kampuni hiyo, na aliandika Kifaransa. Alisema orodha ile imezunguka ofisi nzima, na kwamba watu sitini na watatu kwa kompyuta moja hawajawahi kuona. Alikiri pia kwamba yeye mwenyewe nyumbani anatumia Linux, kwa hiyo tangu Januari hawezi kuucheza mchezo anaoutengeneza. Kampuni haikumpa muda wa kuutazama. Akamwonyesha Mama Florentine mahali pa kupata faili ambamo mashini huandika yote inayofanya kabla ya kuanguka.

"Ni procès-verbal," Mama Florentine akamwambia Lackson, na kwa mara ya kwanza alionekana kuiheshimu kompyuta. "Mashini inaandika ripoti ya ajali yake."

Aliisoma ripoti siku mbili, mstari kwa mstari, kidole juu ya kioo. Karibu na mwisho mashini ilisema imetafuta picha iitwayo "Truite", jina la samaki, yenye T kubwa, na haikuipata. Mama Florentine alifungua kabrasha la picha. Picha ilikuwepo, ila mtu aliiandika kwa t ndogo. Alimwuliza Lévi, na Lévi akaeleza. Windows haijali herufi kubwa au ndogo. Linux inajali.

"Iko na haki," Mama Florentine akasema.

Lackson alijua kwa nini. Kwenye karatasi moja ya ukimbizi aliandikwa Ngoy, kwenye nyingine Ngoi, na kwa ajili ya herufi hiyo moja alikuwa anangoja kitambulisho mwaka wa tatu. Wiki hiyohiyo alizipeleka karatasi zote mbili ofisini, akamwekea karani kidole juu ya kosa. Karani alisema atarekebisha. Anarekebisha hadi leo.

T kubwa alijiwekea mwenyewe. Mchezo ukafunguka, milima na theluji yake. Ilikuwa tarehe ishirini na saba Februari. Baada ya siku mbili ziwa likafunguliwa, wanaume wakaenda kuvua kwa nyavu, na benchi likarudi kanisani.

Machi kampuni ilitoa toleo lililosahihishwa. Maelezo yake yalikuwa na mistari miwili: kasoro ndogo zimeondolewa, na Linux bado haisapotiwi. Jina la Mama Florentine halikuwemo. Lévi aliomba radhi kwa barua ndefu, naye akamjibu kwamba ofisi ni ofisi, asijisumbue.

Ila Lévi hakuacha kumwandikia. Mwezi wa Julai alimtumia mchezo mpya kabla haujatoka, safari hii wa kulima, akamwomba autie kwenye Linux na kuwaita wakulima wauangalie kama alivyowaita wavuvi. Mama Florentine alibeba kompyuta hadi kwenye makazi, akaiweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Wakulima walikuja na familia zao. Walitazama mahindi yakiota na kuiva kwa dakika nne, bila palizi na bila mbolea, kisha mama mmoja, Cadette, akauliza kwa niaba ya wote ardhi ile inatolewa na ofisi gani.