Mume Aliyesukumwa na Upepo

Jumamosi, saluni moja ya Kyebando, Kampala, mke wa polisi alikuwa amesukwa nusu kichwa. Mume wake alikuwa njiani kutoka India. Simu ikalia, akaiweka spika.

"Nimeshatua Entebe," mume akasema. "Rubani anasema upepo wa juu kabisa umetusukuma bahari nzima."

"Banange! Si upepo huohuo ulikuchelewesha mwezi wa kwanza? Nikajua leo pia nina muda!"

"Wakati ule ulitupiga usoni. Huu mwezi wa saba umegeuka, unasukuma mgongoni."

Mke akashika upande wa nywele ambao haujasukwa, uliosimama wima. "Basi rudi angani uzunguke kidogo!"

Msusi akacheka mpaka chanuo likamtoka mkononi.

Kampala tunamsamehe kila anayechelewa: mvua, foleni, msiba. Anayewahi ndiye tunayemwona hana adabu.