Uji kwa Vijidudu vya Jangwani

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya udongo mjini Garland nilipewa brashi na sinki lililojaa sahani za kioo. Nyumbani Mombasa nilikuwa fundi wa maabara ya hospitali, lakini msimamizi aliniambia, "Hapa utaanza na kuosha." Nikaosha mwaka mzima, jicho langu likiiba ujuzi wa wenzangu.

Nilipohamishiwa Houston ndipo kazi iliponinogea. Mkuu wa maabara, daktari mrefu asiyependa mzaha, alikuwa amepokea udongo wa jangwa lililowahi kufanyiwa majaribio ya mabomu ya nyuklia. Swali: je, vijidudu vinavyoozesha majani na kurutubisha ardhi vilisalimika?

Kupima ni hivi: unakoroga udongo kidogo majini, unazimua mara kadhaa, kisha unapaka tone juu ya chakula kilichogandishwa kama faluda. Kijidudu kilicho hai huzaana hadi kikaonekana kama doa. Sahani zetu zilibaki tupu, wiki baada ya wiki.

"Andika udongo umekufa," mkuu akasema. "Ijumaa tunaufunga utafiti huu."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jioni ile, nikifuturu, nilishtuka kijiko cha uji kikiwa njiani. Aliyeshinda na njaa humpi pilau kwanza! Na sisi vijidudu vya jangwani tulivipa chakula kizito cha vijidudu vya hospitali.

Asubuhi nikamwambia mkuu, "Daktari, nipe nafasi moja. Chakula chepesi, joto kidogo, na tungoje."

"Wiki tatu. Siongezi hata siku."

Siku ya kumi na nane nikaona madoa ya rangi ya waridi. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja mbio!

Mkuu akakunja uso. "Umeingiza uchafu wa mikono yako."

Nikamwonyesha sahani za ulinganisho, zilizopakwa maji matupu: safi kabisa. Hakuridhika. Akarudia kila kitu mwenyewe, nami nikangoja roho juu. Siku madoa yalipoota tena, alinikimbilia hadi kwenye korido, glovu mkononi. "Zuhura! Udongo uko hai!"

Hata hivyo, aina tulizopata zilikuwa chache kuliko za udongo wa nje ya eneo lile. Akaniachia mimi niandike hitimisho. Niliandika: udongo u hai, ila haujapona.

Sasa nimestaafu, naishi Missouri City. Juzi binti wa jirani, aliyeajiriwa maabara majuzi, alisikia kisa hiki akaniuliza, "Auntie, ulijuaje ule udongo haukuwa dead?"

"Sikujua, mwanangu," nikamjibu. "Nilijua tu tulikuwa hatujauliza vizuri."