Mume wa Laini ya Madebe

Katika Laini ya Madebe kila mtu alijua kwamba Chelagat ni mume wa Cheptanui. Ni mimi tu niliyechelewa kujua. Tulipohamia pale nilikuwa mdogo, nikadhani ni mama mkwe na mkaza mwana wake. Halafu siku moja nikamsikia Kiptanui, mtoto wa Cheptanui, akimwita yule mzee "Baba", nikaenda mbio kumuuliza mama.

"Ni baba yake. Ulitaka amwite nani?" mama alisema. Alikuwa anachambua kunde.

"Lakini ni mwanamke."

"Ni mwanamke, na ni mume. Kwao iko hivyo."

Mama yangu, Naliaka, ni Mbukusu, na hata yeye ilibidi aelezwe na Chelagat mwenyewe, polepole, vile mgeni anaelekezwa njia. Chelagat aliolewa huko upande wa Kericho akakaa miaka mingi bila mtoto. Mumewe alipofariki, mashemeji wakaanza kuzunguka ng'ombe wa nyumba yake. Sasa, kwa Wakipsigis mwanamke kama huyo anaweza kutoa mahari akaoa. Chelagat alitoa ng'ombe, akamwoa Cheptanui mbele ya wazee, na tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye nyumba, na watoto watakaozaliwa ni wake. Niliuliza Cheptanui aliwapata na nani basi. Mama akaniambia mtungi hauna maji.

Mashemeji hawakuwaacha wakae kwa amani, ndiyo maana wakaja Nakuru. Nyumba yao Chelagat aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa anapasua madebe ya mafuta ya taa, anayanyoosha kwa nyundo, anayapigilia moja juu ya lingine kama magamba ya samaki. Laini nzima ilimwiga, na jina likatoka hapo. Mvua ikinyesha hatukuweza kusikilizana, tulikuwa tunaongea kwa mikono.

Alikuwa mrefu, kichwa amenyoa, masikio yametobolewa na kuvutwa vile wazee wao wote, wanaume kwa wanawake. Alivaa koti la kaki la marehemu, jua au baridi. Kila asubuhi alipanda lori la shamba kwenda Njoro kwa binamu yake, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe wa mzungu mmoja kule msitu wa Mau unakoanzia. Alirudi mchana na vibuyu vya maziwa kwenye gunia. Cheptanui aliyagandisha katika vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa ndani, na watu walitoka mpaka karakana za reli kuja kuyanywa.

Mwaka huu wa hamsini na nne serikali ikaanza kubomoa lokesheni, mtaa wetu Waafrika, kutokea upande wa reli. Mtu wa ofisi alipita na chokaa akiandika namba kwenye milango, na baada ya wiki moja wafanyakazi walikuja na mitarimbo. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya Wamaitha, aliyechukuliwa pamoja na wanawe na watu wa Emajensi, hiyo hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, na mlango wake ulikuwa umebaki wazi tangu siku hiyo. Zikafuata zile nyingine. Jambo lililonishangaza ni kwamba nilianza kuliona ziwa kutoka mlangoni kwetu. Kwanza kipande chembamba, kama uzi wa waridi, rangi ya wale flamingo. Jumatatu iliyofuata likawa pana zaidi. Nilimwita mama aje aone. Akaangalia, akarudi ndani.

Gari la spika lilipita likitangaza. Nyumba mpya za mawe zinajengwa, bomba karibu, choo cha kuvuta maji. Nyumba ni ya mwanamume mwenye mke. Mwanamke asiye na mume atarudishwa rizavu, mashambani kwao.

Jioni hiyo Chelagat alikuja kukaa na mama jikoni. "Rizavu siendi," alisema. "Mashemeji wananingoja pale. Tukirudi tu, Cheptanui watampa mtu wao, na wale watoto wataitwa wa huyo mtu. Mimi nitapewa kona nife."

"Utafanyaje?"

"Nitajiandikisha. Si wanataka mume?"

Foleni ya kujiandikisha ilikuwa mbele ya ofisi ya lokesheni, na mimi nilikuwa na mama nyuma ya Chelagat. Nyuma yetu alikuwa Rahab, muuza pombe, ambaye hakuwahi kuwa na mume hata wa kusingiziwa. Siku hiyo alikuwa amemshika mkono dereva mmoja kama mtu anayepeleka jogoo sokoni.

"Huyu umemtoa wapi?" mama alimuuliza.

"Usimtishe, Mama. Nimemwazima mpaka saa kumi."

Karani alikuwa kijana anaitwa Hezekiah, Mkipsigis, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Aliuliza bila kuinua uso.

"Jina la mwenye nyumba?"

"Chelagat."

"Na bwana yuko wapi, mama?"

"Bwana ni mimi."

Foleni ikacheka. Rahab akasema, "Laiti ningejua, karani. Ningejiandika bwana mwenyewe, huyu nisimpikie chai."

Hezekiah hakucheka. Aliweka kalamu chini, akamwangalia mzee, halafu wakaongea kwa lugha yao. Sikuelewa ila niliona Chelagat akionyesha kwa mkono, hapa, hapa na hapa, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari wakiwa wamesimama zizini. Mwisho karani akageuka kwetu.

"Kwetu huyu ni mume," alisema. "Anayetaka kucheka akachekee kwao."

Akaandika. Mimi husoma hata maandishi yakiwa kichwa chini, nilijifunza shuleni, tukisoma kitabu kimoja watu watatu na mimi nikiwa ng'ambo ya dawati. Aliandika: Chelagat, mume. Mke mmoja. Watoto wawili. Palipotakiwa namba ya kipande, ile hati ya utambulisho waliyobeba wanaume tu, akaparuka, akapiga muhuri.

Chelagat alitia kadi ya nyumba aliyopewa katika mfuko wa ndani wa koti. Njiani alikuwa anatembea mbele yetu hatua ndefu, na mama akaninong'oneza, "Ona huyo. Amerudi kuwa kijana."

Zikapita kama wiki mbili. Ziwa likafika katikati ya dirisha letu. Halafu Jumamosi moja askari nisiyemfahamu alikuja kwenye laini, akachuchumaa karibu na Kiptanui aliyekuwa anacheza na gurudumu la waya. Nilikuwa naosha sufuria hatua chache tu kutoka hapo.

"Kijana, baba yako yuko?"

"Ameenda Njoro."

"Kufanya nini?"

"Kuleta maziwa. Anaenda kabla jua halijatoka."

"Anapitia wapi?"

"Kwa msitu."

"Anakaa namna gani, baba yako?"

"Mrefu. Ana koti kama lako."

Askari alimpapasa kichwa, akaandika kitu kwenye kijitabu, akaenda zake. Mtoto alikuwa amesema kweli tupu. Nilimweleza mama, nikaona mikono yake inasimama juu ya unga. Siku hizi mtu anayetoka gizani kwenda upande wa msituni, waliko wapiganaji, anarudi na gunia, hakuna anayeuliza ndani mna nini kabla ya kumfunga pingu.

Siku ya pili yake Hezekiah alikuja kwa baiskeli, shati limemgandia mgongoni. Chelagat alikuwa nje anapigilia debe lililolegea.

"Mzee, bado unapigilia? Wiki ijayo wanaangusha."

"Leo mvua itanyesha. Wiki ijayo ni yao."

Hezekiah aliangalia huku na huku. "Bwana ofisa amepitia daftari. Anatafuta wanaume wote wasio na kipande. Wewe umewekwa alama nyekundu. Anasema kuna mtu amefichwa katika nyumba hii."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Yeye hajui. Mzee, nisikilize. Naweza kufuta. Nikiandika mwanamke, hakuna atakayekutafuta."

"Na nyumba?"

Hezekiah alishika kengele ya baiskeli bila kuipiga. "Nyumba itakwenda."

"Na usipofuta?"

"Watakuja. Na mimi wataniuliza nilimwandika nani."

Chelagat aliweka nyundo chini. "Siku ile uliandika uongo?"

"Hapana."

"Basi acha ilivyo."

Cheptanui, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni, alisema kitu kwa lugha yao, haraka haraka, na kwa mara ya kwanza nikamwona Chelagat akimfokea. Hezekiah aliondoka kwa miguu akiisukuma baiskeli, kana kwamba amesahau kwamba inapandwa.

Walikuja Alhamisi saa nne asubuhi. Shule ilikuwa imefungwa na sote tulikuwa nyumbani, hata Chelagat, aliyekuwa ameacha kwenda Njoro. Malori mawili yalisimama, moja kila mwisho wa laini, na spika ikasema wanaume wote watoke wachuchumae uwanjani pale nyumba ya Wamaitha ilipokuwa. Baba yangu alitoka na kipande chake mkononi. Yule dereva wa Rahab alitoka pia, na Rahab akamfuata akisema kwa sauti ndogo, "Saa kumi yako ilishapita, ungeenda kwenu."

Bwana ofisa alisimama kwenye kivuli cha lori. Hezekiah alikuwa pembeni yake na daftari. Waliitwa mmoja mmoja. Anayeitwa anainuka, anaonyesha kipande, anarudi chini au anapanda lori.

"Chelagat."

Hakuna aliyeinuka. Ofisa akasema jina tena, na askari wawili wakaanza kwenda kwenye nyumba ya madebe na bunduki mbele.

Mlango ulifunguka kabla hawajafika. Chelagat alikuwa amefunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Chini alivaa suruali ya marehemu, ambayo sikuwahi kuiona, ina mikunjo ya kukaa sandukuni. Shanga zake hazikuwepo shingoni wala masikioni. Alipopita karibu nasi alizitia kiganjani kwa mama bila kusimama.

"Kipande?" ofisa aliuliza.

"Sina."

Ofisa alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa naona kidevu laini cha mzee, na mikono yake, na nikawaza, sasa ataona. Lakini jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi. Akageuka kwa karani.

"Ndiye huyu uliyemwandika?"

Hezekiah aliangalia daftari kwa muda mrefu, kama vile jina lilikuwa limehama mahali pake.

"Ndiye, Bwana."

Ofisa akatia alama. "Panda."

Ngazi ya lori ilikuwa juu na goti la Chelagat lina maumivu ya zamani. Alijaribu mara mbili. Mwanamume aliyekuwa ndani tayari akamshika mkono akamvuta. "Njoo, mzee," alimwambia.

Kiptanui alikuwa amemshika mama yake nguo, analia bila sauti. Chelagat alimwita kutoka juu.

"Kiptanui. Angalia vibuyu visikauke. Vikikauka vinapasuka."

Wiki iliyofuata walibomoa Laini ya Madebe yote. Wafanyakazi walitupa madebe katika rundo moja na upepo wa ziwani ukawa unayagonga usiku kucha. Cheptanui alikwenda ofisini na kadi, na akapewa ufunguo, kwa sababu daftari lilisema mume yupo, ila yuko kizuizini. Hezekiah ndiye aliyempa. Hakumwangalia usoni.

Sasa tunakaa kwenye nyumba za mawe, sisi mlango wa nne, wao wa sita. Ziwa halionekani kabisa. Mbele yetu kuna milango mingine kama yetu, na nyuma yake mingine. Huu ni mwezi wa tatu tangu Chelagat achukuliwe, na hakuna aliyeleta habari kutoka kambini. Ofisi imetangaza kwamba baada ya Krismasi daftari litapitiwa upya, na waume walio kizuizini wataulizwa huko huko walipo, mmoja mmoja.

"Siku watakapomvua lile koti," mama alimwambia baba juzi, halafu akaniona, akanituma maji.

Kila asubuhi namsikia Cheptanui akitikisa kibuyu. Lori likisikika barabarani anaacha, anakiweka mapajani, na anangoja mpaka lipite milango yote.