Tofali Moja Lililobaki

Jamani wa kantini, leo mimi na Mutua tumegombania tofali moja!

Asubuhi nyapara alitupa matofali 4,371 ya kupakia lorini. Asiyemaliza fungu lake, kesho asirudi.

Nikajumlisha: nne, tatu, saba, moja. Kumi na tano. Basi yanagawanyika kwa tatu, nasi tuko watatu. Safi!

Lakini mwenzetu wa tatu, Galgalo, amefunga, na homa imemshika. Hata kusimama ni shida.

Mutua akaninong'oneza, "Tupakie yote sisi wawili."

Kwa wawili hayagawanyiki. Jioni likabaki moja chini.

"Beba wewe, mla ugali!"

"Beba wewe, mdomo mrefu!"

Galgalo akainuka akitetemeka, akaliokota.

"Niachieni hili. Siwezi kufuturu bila kazi."

Tulimwachia. Ninyi mngemzuia?