Nafasi ya Marehemu

Daktari wa macho pale Musoma alitueleza, mimi na baba, kwamba presha ya macho ilikwishaharibu sehemu kubwa ya uoni wake, na kwamba dawa ya matone ingechelewesha tu kupotea kwa kilichobaki. Baba alimshukuru. Tulipofika nje aliuliza filamu yangu nyingine itatoka lini.

Nilikuwa na shahada ya uzamili katika sanaa za maonyesho. Nilikuwa nimeigiza katika filamu nyingi zilizopigwa mjini na huko Buhare, na katika zote nilikuwa mlinzi, karani, shemeji aletaye taarifa, au mtu anayeuawa ili kisa kianze.

"Wewe unakufaga mapema sana," baba alizoea kuniambia nyumbani Butiama. "Nikisogeza kiti, umeshaondoka."

Kwa hiyo niliandika filamu nzima kwa ajili ya macho yake. Mhusika mkuu alikuwa mzee anayewagawia wanawe ng'ombe kabla ya kufa, na katikati niliweka hotuba ndefu ambayo kamera haiondoki usoni pake. Niliiandika upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuitetea. Mwongozaji aliupokea muswada, akakubali pia kwamba mzee huyo ni mimi, nikishapakwa mvi.

Ilibaki nyumba. Katika filamu zetu, anayetoa nyumba hapewi kodi. Anapewa nafasi ya kuigiza, na kwa kawaida anaridhika na sentensi moja mlangoni. Mwenye nyumba tuliyempata Bunda, mnunuzi wa pamba, aliusoma muswada wote kwenye simu, kisha akatoka chumbani miwani ikiwa mkononi.

"Nitakuwa huyu mzee."

"Huyo tayari ana mtu, baba," mwongozaji alisema.

"Mtu mwenyewe ana nyumba?"

Wenzangu walicheka. Mwongozaji alilitazama geti, akavitazama vigae, kisha akanitazama mimi, nikajua. Nilijiambia kwamba mwandishi naye yumo ndani ya kazi yake, hoja ambayo ningeikataa kama ingeletwa kwangu na mwanafunzi.

Mzee yule aliisema hotuba vizuri. Ningependa kuandika vinginevyo. Lakini tulipofika kwenye msiba, aliliona jeneza likiingizwa sebuleni kwake akarudi nyuma.

"Humo silali. Mimi nina wajukuu."

"Basi msomi ataingia," mwongozaji alisema. "Si amezoeaga?"

"Na sura yake je?" mpiga picha aliuliza.

"Mfunikeni shuka."

Nikalala humo. Waombolezaji walimlilia mzee niliyemuumba, nami chini ya shuka nilijikuta nikiwasahihisha kimoyomoyo, kwamba yule mjane ameanza kulia mapema mno.

Filamu ilipokamilika niliipeleka Butiama kwenye kompyuta yangu. Baba aliketi karibu kabisa na kioo, kichwa akikigeuza upande ili atumie pembe ya jicho iliyokuwa bado inafanya kazi. Hotuba ilipoanza hakutikisika.

"Huyu mzee anaongea vizuri. Ni wa wapi?"

"Wa Bunda."

"Umtafute akufundishe. Kusoma kote kule, hawakukufundisha kuongea hivi."

"Maneno hayo nimeyaandika mimi, baba."

"Sawa. Lakini wewe uko wapi?"

Nilisubiri msiba ufike, nikaweka kidole juu ya shuka jeupe. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hapo naona kitambaa," alisema. "Mtu simwoni."

Nilitaka kumweleza habari ya nyumba na wajukuu. Nikapanga maelezo kwa mfuatano wake, nikaona kwamba yote yalikuwa sahihi na hayakuwa na maana yoyote kwa mtu anayetafuta uso. Akaniomba nimrudishie yule mzee wa Bunda. Nilimrudishia. Aliinama akaiziba picha yote, nami nikaisikiliza hotuba yangu nikiwa nyuma ya kisogo chake.

Kufikia mavuno baba hakuweza tena kutofautisha dirisha na ukuta, na mimi nilikuwa bado sijapata nafasi nyingine.