Gemu Lililokula Sauti ya Baba Mkubwa

Hii aibu hata mke wangu sijamsimulia yote, ila nyie ni wenzangu, chekeni kwanza, mkimaliza mnionee huruma.

Mnanijua mimi na magemu. Lile la majambazi tulilokuwaga tunalicheza kibandani pale Kamunyonge, la dereva anayeingia kwenye genge na mzee mmoja anamlea kama mwanae, limetengenezwa upya na la kwenye simu lipo, mimi huyo mbio kulipakua, simu ikakataa, nafasi imejaa. Nikaingia kwenye sauti nilizorekodi, nikakuta rundo, nikajua ni makelele yangu ya kutuma kwenye grupu, nikabonyeza futa zote (hata moja sikuisikiliza, jamani, kidole hiki hiki). Gemu likaingia. Nililicheza siku mbili, nikarekodi maoni ya kuwatumia washkaji, sauti moja ya uzuri wake, nyingine ya udhaifu.

Kumbe kwenye lile rundo alikuwemo baba mkubwa Magesa wa Butiama. Alikuwa anaumwa, kuandika hajui, akaniita kitandani: "Wewe una simu nzuri, nirekodi. Siku ya kunizika wasikie wote, asibishe mtu." Akasema amemsamehe binti yake, dada Nyangeta, ambaye mzee alimfukuza siku alipoondoka na mwanaume bila ng'ombe wa mahari kuletwa, na kwamba pale nyumbani asihesabiwe mgeni tena. Mzigo huo nilipewa mimi, nikausahau kwa ajili ya gemu.

Baba mkubwa akafariki. Dada Nyangeta akaja kutoka Bunda, akasimama nyuma ya turubai, wa kumsalimia hakuna. Kabla jeneza halijashushwa, katekista, ambaye mzee alishamwambia kuna sauti kwangu, akatangaza: "Marehemu ameacha maneno yake. Kijana, tuwekee." Fundi mitambo akachomeka waya kwenye simu yangu. Nikaona sauti mbili tu, nikajipa moyo kwamba ya kwanza ndiyo ya mzee (nyumbani wala sikujaribu), nikabonyeza.

Spika mbili kubwa, sauti yangu mwenyewe: "Wanangu, uzuri wake ni mzee anavyokufa! Zamani alikuwa anaanguka tu kama gunia, sasa hivi macho yanalegea, mvua inamnyeshea, yaani anakufa mpaka raha!"

Mungu wangu. Mama mkubwa akashika kichwa. Nataka kuzima, nikagusa ya pili: "Udhaifu sasa. Mji mzuri ila mtupu, duka huingii, bunduki nzito, na mzee kaongezewa maneno mengi mno, unatamani afe haraka tuendelee." Shemeji yetu mmoja wa Kiriba akaja akachomoa waya mwenyewe.

Hapo ningesema ukweli. Nikasema eti simu imegoma. Dada Nyangeta akapita katikati ya watu mpaka mbele yangu.

"Mdogo wangu, baba alisemaje?"

"Alikusamehe, dada. Alisema hapa ni kwako."

Baba mdogo akaguna. "Kaka yangu huyu ninayemjua mimi? Tuwekee tusikie."

"Nilifuta," nikasema. "Nilikuwa natafuta nafasi ya gemu."

Nilitamani nilale mimi mle shimoni. Baba mdogo akasema basi, mambo yabaki kama marehemu alivyoyaacha, jeneza likashushwa, wakaanza kuita watoto wa marehemu waje kuweka udongo, wakaitwa mmoja mmoja, jina la dada halikuitwa. Naye alikuwa ameshachota wake. Akaumwaga pale pale aliposimama, akajifuta mkono kwenye khanga, akaondoka bila kumlaumu mtu, hata mimi.

Tangu siku hiyo sifuti kitu kwenye simu bila kukisikiliza, hata kiwe kelele za kuku, na mtu akinipa maneno yake nayapeleka siku hiyo hiyo. Lile gemu nililiacha kwa muda, maana ukilirudisha nyuma mzee wake anafufuka, anaanza kuongea upya, na mimi nilikuwa nashindwa kumsikiliza. Juzi nikalifuta. Nikampigia dada Nyangeta nimwambie. Simu iliita mpaka ikakatika.