Masizi Katika Ufa

Mzungu aliyejenga nyumba ile ya Kololo aliweka sebuleni meko ya kuotea moto, Kampala hii ambako blanketi moja latosha. Siku ya kwanza nilicheka. Lakini mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyerudi kutoka uhamishoni Nairobi baada ya vita, aliyapenda meko yale kuliko paa, na alinitoa Kenya nije niyarudishe yalivyokuwa. Yalikuwa ya chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na maua ya nakshi yamezama chini ya tabaka za rangi.

Yalisalimika kwa sababu ya mlinzi. Watu walipokuwa wakibeba mpaka mabomba na fremu za madirisha, yeye, polisi wa zamani kutoka kaskazini, alikaa katika nyumba ile tupu na mkewe na watoto, wakapikia posho, ugali wa huko, humo humo mekoni. Mgeni mimi, ndiye aliyenikaribisha chai kila asubuhi.

Ili kulegeza rangi nilijaza mkaa, nikapepea mpaka chuma kikawa hakigusiki. Tangu uanagenzi najua kwamba chuma cha kusubu huachwa kipoe chenyewe. Haraka haraka haina baraka, ndivyo nilivyokuwa nikiwahubiria wenzangu. Mchana ule nilikuwa na njaa, nikataka kumaliza kabla ya kula. Nikachota kopo la maji, nikamwagia. Kililia mara moja tu, ufa ukapita katikati ya maua.

Ufa mpya humeta ndani. Nikachovya kidole kwenye masizi, nikausugua mpaka ukaonekana wa miaka mingi. Mama alipoingia na kushika kichwa, nikamwambia, "Mama, si mlinzi alikuwa akipikia hapa? Nadhani alikuwa akizima moto kwa maji."

"Nimemwachia nyumba, akaifanya kambi!" alisema. Akampa mlinzi mpaka Jumamosi, awe ametoka na watu wake kwenye chumba cha uani walichohamia yeye mama aliporudi.

Miaka ile, mtu wa kaskazini, walikotoka watawala walioangushwa, aliyewahi kuvaa gwanda hakutafutiwa ushahidi. Mnyonge hana haki. Nililijua hilo kabla sijafungua mdomo, na ndiyo maana niliufungua. Siku zote nne zilizobaki nilipiga msasa, nikijiambia nitasema kesho. Naona aibu hata sasa kuyaandika haya.

Jumamosi mkewe alitangulia getini na watoto na magodoro. Yeye akaingia sebuleni, kofia mkononi, akasimama mbele yangu. Nilidhani amejua, nikaweka chini brashi ya waya.

"Fundi," alisema, "kweli mimi nilipikaga pale. Maji pia nilimwaga, siku mingi. Sikujua chuma inapasuka. Usikasirike, nimekuongeza kazi."

Akanipa mkono. Niliupokea, nikamwambia nimemsamehe.